Mwalimu Aliyetotolesha Kasa Kariakoo

Siku niliyokwenda kumwomba chumba cha mbele, Mwalimu alinikaribisha chai, na kabla sijakishika kikombe akatumbukiza kipimajoto ndani yake. Akakitazama kwa jicho moja, akakikung'uta, akasema, "Subiri kidogo, itakuunguza." Nikasubiri. Alipoona imefaa akaniruhusu ninywe, na hapo ndipo tulipoanza kuzungumza habari za chumba. Nilikubali masharti yake yote, nadhani kwa sababu akili yangu ilikuwa bado kwenye ile chai.

Nilikuwa fundi redio. Dirisha la chumba kile lilitazama Mtaa wa Sikukuu, nami nikaweka meza yangu chini yake, nikawa nafungua na kufunga redio za watu huku nikitazama mikokoteni ikipita. Nyuma kulikuwa na ua wa saruji, na kuuzunguka ua huo vyumba vinne vya wapangaji, jiko, na chumba cha Mwalimu mwenyewe. Niliishi humo miaka kumi na mmoja. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mkubwa kwa mdogo, na sijui kama nusu ya majirani walilijua jina lake.

Alikuwa amefundisha bailojia katika sekondari za mjini kwa muda mrefu hata wanafunzi wake wakaenea kila mahali. Daktari wa meno alikuwa mwanafunzi wake. Askari wa barabarani pale Msimbazi alikuwa mwanafunzi wake. Siku moja kijana alimkwapulia pochi karibu na sokoni, akageuka kumtazama aliyemwibia, akasimama. "Shikamoo Mwalimu," akasema, na kumrudishia pochi yake kwa mikono miwili. Mwalimu akaitikia "Marahaba," kisha akamwambia ataje sehemu za ua la mbaazi. Kijana akazitaja zote isipokuwa moja. Mwalimu aliporudi nyumbani, kilichomuudhi ni ile moja.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye penseli iliyochomekwa ndani ya mtandio juu ya sikio. Alikuwa na maneno mawili aliyoyatumia kuliko salamu. La kwanza lilikuwa "Ngapi?" Ukimwambia leo kuna joto, atakuuliza ngapi. Ukimwambia mtoto wa jirani anaharisha sana, atakuuliza ngapi. La pili lilikuwa "Andika." Wapangaji wote tulikuwa tumegawiwa madaftari, na kwa muda wote nilioishi pale nilikuwa naandika joto la ua saa moja asubuhi na saa nane mchana, bila kujua ni kwa faida ya nani. Kitu kimoja tu hakikuandikwa wala kupimwa katika nyumba ile, nacho ni umri wake. Kila mwaka aliutaja upya, na kila mwaka ulikuwa umepungua.

Ng'ambo ya barabara, ukitazama kutoka dirishani kwangu, lilikuwapo duka la vyombo la Bwana Pravin. Masufuria yalining'inia mpaka nje, na ndani yalikuwamo masahani, chujio, mizani na vipimajoto. Yeye na Mwalimu waligombana kila siku tangu alipomuuzia kipimajoto kilichozidisha digrii moja. Mwalimu alikirudisha akiwa amechukua na vingine vitatu vya ushahidi, akavipanga vyote ndani ya bakuli la maji juu ya kaunta, wateja wakitazama.

"Mwalimu," Bwana Pravin akasema, "digrii moja kwenye chai ni kitu gani?"

"Kwenye chai si kitu. Kwa mtu ni homa."

Akabadilishiwa. Lakini kuanzia siku hiyo hawakuacha kuzozana, na siku ambayo mmoja hakutokea barazani, mwingine alituma mtu kuulizia afya yake.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, wakati maduka yaliyokuwa na sabuni na chumvi peke yake yalipojaa televisheni, manukato na viatu vya kila rangi. Mshahara haukutosha kitu, na kila mtumishi wa serikali alikuwa na mradi. Karani alipika maandazi, nesi alishona, na nusu ya Dar es Salaam ilifuga kuku. Mwalimu naye akaacha kazi, akaingia kwenye vifaranga. Hapo ndipo aliponiita uani na kunionyesha kabati la nguo lisilo na nguo.

"Fundi, nataka humu ndani kuwe na joto lisilopanda wala kushuka. Unaweza?"

Nikamwambia naweza. Nilikuwa sijawahi kufanya kitu kama hicho, lakini nilikuwa kijana na nilipenda alivyoniita Fundi, kama vile anataja cheo. Nikaweka balbu nne, feni ndogo ya redio kaseti iliyokufa, na swichi niliyoibuni mwenyewe, ambayo joto likizidi inazima balbu, likipungua inawasha. Ilinichukua wiki tano. Ilipokamilika ilishika joto bila kuyumba hata nusu digrii, na Mwalimu alipohakikisha hivyo kwa vipimajoto vitatu alinitazama kwa namna ambayo mama yangu hakuwahi kunitazama.

Vifaranga vikatoka. Alivigeuza vikiwa bado mayai, mara tatu kwa siku, kama inavyotakiwa kwa mayai ya kuku, akivaa glovu mbili mbili, kwa sababu ingawa alifundisha habari za ndege miaka yote ile, aliogopa kudonolewa. Kuku mkubwa akiingia uani alipanda juu ya kiti. Biashara ilikwenda vizuri, na ingeendelea hivyo kama hangekwenda Magogoni siku moja kununua samaki aina ya changu.

Pale sokoni, pembeni mwa wauza samaki, alimkuta mwanamke amekaa na ndoo iliyofunikwa kanga. Aliitwa Bi Tatu, mjane kutoka ng'ambo, pwani ya Kigamboni. Ndani ya ndoo kulikuwa na mayai ya kasa, meupe, ya mviringo kama mipira ya tenisi ya mezani, amechimba alfajiri na anauza kwa siri. Mwalimu aliyatazama, akamuuliza, "Ngapi?" Bi Tatu akadhani anaulizwa bei. Basi wakazungumza kila mtu lake kwa muda mrefu, mpaka mwisho Mwalimu akarudi Kariakoo bila changu, amebeba ndoo nzima.

"Haya si ya kula," alituambia uani, kabla hatujauliza. Alipunguza joto la mashine, akajaza mchanga mbichi katika makreti, akayapanga mayai humo. Na kwa kuwa mkono una mazoea yake, akawa anayageuza mara tatu kwa siku.

Hayakutotoa. Siku sitini zilipita, kisha sabini, harufu ikaanza. Akayafungua moja moja juu ya sinia, akakuta ndani kila yai kitoto kilichokuwa kimeanza kujengeka, kikafa kabla ya kupata umbo. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa muda mrefu. Kisha akaenda kwenye maktaba moja mjini, akarudi jioni, akaniita. Yai la kuku lisipogeuzwa, kitoto hugandamana na ganda. Yai la kasa ni kinyume. Kitoto hujishikiza juu, upande wa ndani wa ganda, siku ile ile ya kwanza, na ukiligeuza unakikata pumzi.

"Andika," akaniambia, akinipa penseli yake.

"Niandike nini, Mwalimu?"

"Andika: yote yalikuwa hai. Nimeyaua mimi, kwa bidii."

Nikaandika. Nadhani watu wengi wangeacha hapo. Yeye aliuza kuku wote wiki ile ile.

Tangu siku hiyo kila yai lililoingia nyumbani lilikuwa na alama ya msalaba wa penseli juu yake, na msalaba huo ulitakiwa utazame mbinguni kutoka mchangani Kigamboni mpaka ndani ya kabati. Aliyafuata mwenyewe. Na hapa lazima niseme kwamba Mwalimu, ambaye alijua jina la kila samaki na kila konokono wa bahari ile, aliogopa bahari. Hakujua kuogelea. Akipanda pantoni alikaa katikati kabisa, mbali na maji ya kulia na mbali na maji ya kushoto, amekumbatia ndoo mapajani, amefumba macho tangu Kigamboni mpaka Magogoni. Safari ya dakika chache. Nilimsindikiza mara nyingi, na kazi yangu ilikuwa kumwambia tumefika wapi.

Wanawake wa pwani ile waliokuwa wakichimba mayai ili yaliwe wakaanza kumchimbia yeye. Shukrani yao ilikuwa nguo. Kila mwanzo wa mwezi Mwalimu alikwenda Mchikichini kuchagua mitumba, na huko bailojia yote ilimtoka, akawa mchuuzi. Alinusa makwapa ya magauni, alivuta mishono, alimwambia muuzaji kwamba hata aliyeivaa huko Ulaya angeona aibu kuiuza kwa bei ile. Nyumbani aliwasema wafanyabiashara kuwa ni watu wasio na huruma. Nilimkumbusha hayo siku moja tukitoka Mchikichini, na akasema ile si biashara, ile ni ulinzi wa viumbe.

Wa kwanza walitotoa siku ya Ijumaa mchana. Nilisikia kelele uani, nikatoka na kipande cha waya mkononi, nikakuta wapangaji wote wamezunguka kreti. Mchanga ulikuwa unatetemeka. Kikatoka kichwa cheusi, mfano wa kidole gumba, kisha pezi moja, kisha jingine, kisha wengine kumi kwa pamoja. Mwalimu alikuwa amechuchumaa kando ya kreti. Alikuwa na saa mkononi na penseli mdomoni, na machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye penseli.

Hakuwaacha waende hivi hivi. Aliwapima urefu na uzito, akawapa majaribio mawili. La kwanza lilikuwa kumlaza kitoto chali na kuhesabu atachukua muda gani kujipindua. La pili lilikuwa mbio juu ya ubao uliomwagiwa mchanga. Ua wetu ulikuwa na washabiki wa timu zote mbili za mtaani, kwa hiyo haikupita wiki kabla vitoto vya kasa havijagawiwa timu. Mpangaji wa chumba cha tatu, dereva wa lori, aliwahi kununa siku mbili kwa sababu kasa wake alilala usingizi katikati ya mbio.

Baadaye tuliwabeba kwenye beseni lenye kanga iliyoloweshwa, tukavuka na kuwaachia pwani jioni. Miaka mitatu ilikwenda hivyo. Gazeti moja lilimwandika, na Bwana Pravin alilikata gazeti lile na kulibandika dukani, akidai kuwa vipimajoto vyote vilitoka kwake.

Lakini daftari lilikuwa na neno jingine. Siku moja kiota kimoja ambacho Bi Tatu hakukiona kilitotoa chenyewe pwani, naye akatuletea vitoto sita kwenye bakuli ili Mwalimu avione. Mwalimu akawaweka kwenye ubao. Walikimbia. Ukiwalaza chali, walijirusha na kusimama kabla hujaanza kuhesabu vizuri. Wetu wa kabatini walikuwa wadogo kuliko wao, tumbo bado lina uvimbe wa kiini ambacho hawakumaliza kukinyonya, na wakilazwa chali wengine walipunga mapezi mpaka wakachoka, wakatulia hivyo hivyo, wanatazama paa.

"Labda wamezoea mji," akasema dereva.

Mwalimu hakucheka. Aliwarudia mara nne, akaandika mara nne, usiku ule hakula. Kesho yake alimwandikia mwanafunzi wake mmoja wa zamani, ambaye wakati huo alikuwa mhadhiri chuoni, akamtaka aje, tena aje na vitabu.

Mhadhiri alikuja Jumamosi, mama mnene mwenye sauti ya chini, akamwamkia Mwalimu akiwa amepiga goti kidogo kama mtoto wa kidato cha kwanza. Alitazama mashine, akaisifu swichi yangu. Akauliza joto ni ngapi. Mwalimu akajibu kwa fahari kwamba ni thelathini na mbili, mchana na usiku, haliyumbi.

Mhadhiri akavuta kiti, akaketi. Kisha akaeleza, taratibu, kama mtu anayemvua mwingine kiatu kwenye mguu wenye kidonda. Kasa, alisema, hazaliwi na jinsia yake ndani ya mbegu kama sisi. Anaamuliwa na mchanga. Mchanga ukiwa wa joto wanatoka majike, ukiwa wa baridi kidogo wanatoka madume, na mahali pa katikati ni padogo sana. Tena joto likizidi wanaharakishwa, wanatoka kabla ya kumaliza kujijenga, wadogo na wazito wa mwendo. Na wale wa kiotani hupanda mchanga siku kadhaa, wote kwa pamoja, wakisaidiana kuporomosha, na ule upandaji ndio mazoezi yao. Wa kwenye kreti hawana cha kupanda.

Mwalimu alikuwa na mitungi juu ya rafu, vitoto vilivyokufa ndani ya spiriti, kila mtungi na karatasi yake. Hakuwahi kutupa kitu kilichokufa. Mhadhiri akaomba kuichukua akaitazame kwa hadubini chuoni. Baada ya wiki mbili majibu yakaja katika bahasha. Miaka mitatu: majike watupu. Isipokuwa mtungi mmoja, ambao karatasi yake ilisema "Kundi la mgao", kwa sababu lilitokea kipindi kile cha mgao wa umeme, balbu zikawa zinazimika nusu ya siku na Mwalimu akilalamika mpaka sauti inakauka. Humo ndimo walimokuwa madume.

Alinisomea barua hiyo mbele ya meza yangu ya kazi. Nilijisikia vibaya kwa namna ya ajabu, kama mtu aliyeambiwa ana watoto wengi asiowajua. Nikamwambia pole.

"Kifaa chako ni kizuri mno, Fundi," akasema. "Hilo ndilo tatizo. Kingekuwa kibovu tungepata madume."

Kisha akaketi kwenye kiti cha wateja na kuniambia jambo ambalo lilimuuma kuliko yote. Ile thelathini na mbili hakuibuni. Aliipima mwenyewe mchangani Kigamboni, adhuhuri, kwa kuchomeka kipimajoto kwa urefu wa kidole. Mayai hulala chini zaidi, kwa urefu wa mkono, ambako jua halifiki.

"Miaka mitatu nimepima mahali pasipo na mayai," akasema. "Nikaandika vizuri sana."

Wakati huo kulikuwa na ndoo nyingine imefika asubuhi hiyo hiyo, mayai mia na zaidi, misalaba yote juu. Kuyarudisha kiotani haikuwezekana, kwa kuwa Bi Tatu alisema waliokuwa wakichimba kwa ajili ya kula wanakijua kiota kile. Kuyaweka kabatini hakutaka. Ua ulikuwa na joto, na hilo nililijua kwa sababu ya daftari langu. Mwalimu akazunguka mtaa mzima na kipimajoto, chumba kwa chumba, mpaka akaingia ghala la Bwana Pravin, nyuma ya duka, lenye sakafu ya zege na kuta nene. Akatoka anatabasamu.

Bwana Pravin alikuwa Mhindu asiyekula nyama, samaki wala yai, na nyumbani kwake yai halikuvuka kizingiti.

"Mwalimu, mimi mayai sili. Sasa wataka niyalee?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Kwa mwingine yataliwa."

Akafikiri. "Mama yangu akijua kuna mayai ghalani, mimi ndiye nitahama."

"Haya si mayai, ni watu wanasubiri zamu."

Makreti yakawekwa nyuma ya masufuria makubwa ya pilau, yakafunikwa gunia. Kila asubuhi Mwalimu aliingia kama mteja, akatoka bila kununua, na kila asubuhi walizozana kauntani ili mama yake Bwana Pravin, mtu mzima aliyekaa ghorofani dirishani, asishuku chochote. Yalikawia kuliko ya kabatini. Zilipita siku sitini, na kidogo zaidi.

Siku ile nilimwona Bwana Pravin akifika saa mbili, akafungua kufuli, akainua mlango wa chuma kwa kiasi cha goti, akaushusha tena polepole. Akasimama. Wateja wawili walikuwa wanangoja, na mpagazi mwenye mkokoteni. Akawaambia leo hafungui.

"Kuna msiba?" akaulizwa.

"Kuna wageni."

Kariakoo nzima haikuwahi kusikia mfanyabiashara akifunga duka kwa sababu ya wageni. Nikavuka barabara. Alinishika mkono, akanionyesha nichungulie chini ya mlango. Vitoto vya kasa vilikuwa vimetoka usiku, vikauona ule mstari wa mwanga chini ya mlango wa chuma, vikaudhani ni bahari. Vyote vilikuwa vimejipanga hapo, mapezi yanakwaruza saruji, vinaelekea Mtaa wa Sikukuu kwa nguvu zao zote. Mwanaume yule alikuwa ameogopa kuinua mlango asije akamkanyaga mmoja. Tukamwita Mwalimu, tukapitia mlango wa uani wote watatu, tukavua viatu, tukawaokota mmoja mmoja kutoka ndani ya masufuria, chini ya mizani, nyuma ya birika. Mama yake akashuka akiwa na fimbo yake, akasimama mlangoni, akatazama muda mrefu. Kisha akasema kitu kwa Kigujarati, na Bwana Pravin akainama akaanza kucheka.

"Anasema nini?" Mwalimu akauliza.

"Anasema kwa nini tumewaweka gizani, wape maji."

Kundi hilo lilikuwa zito zaidi na lilikimbia vizuri kuliko yote tuliyowahi kuyatotolesha. Lakini Mwalimu alikuwa ameshaamua. Jumapili iliyofuata tulivuka naye, akaketi na Bi Tatu na wanawake wengine saba kwenye mkeka, akawaambia kweli yote bila kujitetea. Alisema mashine yake imetoa majike dhaifu kwa miaka mitatu. Alisema kuanzia leo wasichimbe tena, mayai yabaki alipoyaweka kasa.

Bi Tatu hakuipenda. "Wewe ndiye uliyetuambia tuyatoe yasiliwe. Leo watuambia tuyaache. Tukiyaacha yataliwa."

"Yakilindwa hayataliwa."

"Na nani?"

"Nyie."

Mmoja akauliza, bila kumtazama mtu, "Na nguo?"

"Nguo zinaendelea," Mwalimu akasema. "Tena nzuri zaidi. Lakini kuanzia sasa mnapewa kwa kutogusa."

"Kwa kukaa tu?" Bi Tatu akauliza.

"Kwa kukaa tu. Ni kazi ngumu, mimi imenishinda miaka mitatu."

Walicheka, na katika kicheko hicho jambo likapita. Si lote. Mwaka wa kwanza viota viwili vilichimbwa, na kimoja kilichimbwa na shemeji yake Bi Tatu. Bi Tatu alimwendea mbele za watu, na habari za alichomwambia zilifika mpaka Magogoni kabla ya samaki wa asubuhi. Baada ya hapo havikuchimbwa tena, au vilichimbwa vichache tu.

Kabati lile alinipa mimi. Nikatoa balbu na feni, nikaitumia swichi kwenye pasi ya fundi cherehani wa jirani, nayo inafanya kazi mpaka leo.

Nilihama Kariakoo nilipopata mke na eneo kubwa zaidi la kazi huko Tabata. Nyumba ile ya Mtaa wa Sikukuu iliuzwa, ikavunjwa, ikajengwa ghorofa, na Mwalimu akaenda kuishi kwa binti wa dada yake, Kigamboni, mita chache kutoka maji aliyokuwa akiyaogopa. Nilikwenda kumsalimia mara moja kwa mwaka, kisha ikawa mara moja kwa miaka miwili. Mara ya mwisho nilimkuta ameketi kibarazani, mtoto wa jicho amefunika macho yote mawili. Alinitambua kwa mguu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fundi. Umenenepa. Unakanyaga vizito."

Mvua ilikuwa imenyesha mchana na mbingu zilikuwa na mawingu. Tulikuwa bado hatujamaliza kuulizana habari Bi Tatu alipofika, sasa naye mzee, akasema kiota cha chini ya mti wa mvinje kimeanza kuporomoka. Tukamshika Mwalimu mkono kila mmoja upande wake, tukaenda naye taratibu, tukamkalisha mchangani hatua kadhaa kutoka kiotani. Akaniambia nimweleze kila kitu.

"Mchanga unachezacheza," nikamwambia. "Kumetokea shimo dogo. Kichwa kimoja. Kingine. Sasa wanatoka wote, Mwalimu, wanachemka kama uji."

"Ngapi?"

Nikaanza kuhesabu. Walitawanyika kuelekea majini, na mimi nikawa natamka namba kwa sauti, nikamwambia wa mbele wameshafika kwenye povu. Hapo kunguru wakashuka. Bi Tatu akavua kanga ya juu akawapiga nayo, akawakimbiza, lakini walikuwa wameshachukua. Nikanyamaza.

"Mbona kimya?"

"Nahesabu."

"Wote wamefika?"

"Wote."

Akaugeuza uso wake kwangu, macho yale meupe yananitazama kana kwamba yanaona. "Fundi, nimesikia kunguru."

"Watatu," nikasema. "Wamechukua watatu."

"Haya. Waliobaki?"

Nikamwambia wamebaki wachache, kisha mmoja. Alikuwa wa mwisho kutoka, amechelewa, anakwenda na kusimama. Wimbi likamfikia, likampindua, likamrudisha mchangani chali. Nikainuka. Mwalimu akahisi nimeinuka, akanishika suruali.

"Keti."

Nikaketi. Nikamweleza anavyopunga mapezi, anavyotulia, anavyopunga tena. Nikamweleza alivyojipindua na kusimama. Wimbi la pili likamrudisha kidogo tu, la tatu likampita juu, na maji yalipokwenda hakuwepo.

"Ameingia," nikasema.

Bi Tatu alikuwa anajifunga kanga yake tena. Tulikaa, Mwalimu ameelekeza sikio majini, na mimi, kwa ajili ya kupata la kusema, nikamuuliza kama yule wa mwisho alikuwa dume au jike.

"Sijui, Fundi," akasema, na sijawahi kumwona na uso wa furaha kama ule. Kisha akanyoosha mkono nimsimamishe.